Machipuko ya Kuazima

Limezuka neno katika mashairi na katika makala za matembezi, nalo linazidi kupata wapenzi. Neno lenyewe ni "machipuko". Mtu hupanda Iringa au Mbeya kwa siku nne, akakodi baskeli, akazunguka vilimani, kisha akarudi pwani na beti kumi na mbili juu ya majira ya machipuko katika Nyanda za Juu Kusini: maua ya kila rangi, ndege wa kila sauti, upepo mwanana, na magurudumu yanayozunguka mithili ya dunia. Akiulizwa ni mwezi gani aliyaona hayo, husema Machi, au pengine Aprili. Akiulizwa ni ua gani, husema maua. Akiulizwa ni ndege gani, hucheka.

Kamusi hazina kosa katika jambo hili. Chipuka ni kitenzi cha Kiswahili tangu na tangu, na watunga kamusi walihitaji jina la kufasiria majira ya Ulaya, ambako theluji huyeyuka mwezi wa Machi na miti iliyokuwa uchi ikavaa upya. Wakasema machipuko, na walisema vyema. Kosa ni la yule anayelichukua jina lililotengenezwa kwa ajili ya nchi za watu akaivika Mbeya, naye hakuuliza kwanza kama Mbeya ilikuwa uchi. Nguo ya kuazima haisitiri, na hii haikukatwa hata kwa kipimo cha mvaaji.

Mwezi wa Machi huko juu ni mwezi gani? Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba au mwanzoni mwa Desemba, ikashika, ikaendelea hadi Aprili, na upande wa Rungwe ikavuka hadi Mei. Baada yake huja baridi, na usiku wa Juni na Julai umande hugeuka barafu nyembamba juu ya nyasi za Kitulo. Kisha hewa hupata joto, vumbi hupanda, moshi wa nyika zilizochomwa hufunika milima, hadi mvua irejee. Kwa hiyo Machi ni kilele cha mvua, au mwisho wa kilele. Mahindi yamempita mtu kichwa. Njia za udongo mwekundu zimekuwa utelezi, na udongo huo hunata katika magurudumu hata mwenye baskeli akalazimika kuibeba begani, ikawa ndiyo inayomwendesha yeye. Lipo kundi la waendesha baskeli waendao kutoka Cairo hadi Cape Town, safari iliyoanzishwa mwaka 2003. Huondoka Januari na kuifikia Tanzania wakati mvua ingali inanyesha, na Mbeya ni miongoni mwa vituo vyao. Hao angalau hawakuja kutafuta beti.

Ila msomaji wa pwani asishangilie mapema, kwani naye anayo yake. Mshairi wa kisiwani hupanda Iringa na kalenda ya nyumbani mfukoni: masika, kipupwe, vuli, kaskazi, kusi, demani. Ni kalenda ya watu wa bahari, iliyopimwa kwa pepo na majahazi, na kwa mahali pake haina mfano. Lakini Mafinga haina vuli. Mvua ya Novemba ikianza pale haikatiki ikangoja masika. Ni mvua ile ile moja. Na kaskazi inayojaza tanga la jahazi la Unguja haimwambii neno mkulima wa Makambako. Katika majina yote ya pwani moja tu limepanda mlima likafaa, nalo ni kipupwe, na kwa kweli limefaa huko kuliko lilikozaliwa. Baridi ya Julai ya Unguja ni ya kujifunika shuka. Ile ya Njombe ni ya makoti mawili na makaa ndani ya nyumba.

Tena watu wa visiwani walikwisha kuyashika machipuko mkononi wakayaachilia, nao hawakupata hasara. Nairuzi, ambayo Makunduchi huisherehekea kwa Mwaka Kogwa kila Julai, ni Nauruzi ya Waajemi, na huko Iran hadi leo huangukia Machi, mwanzo hasa wa machipuko. Jina lilivuka bahari, majira hayakuvuka. Watu wa pwani waliihesabu Nairuzi kwa siku 365 bila kuongeza siku ya mwaka mrefu, nayo ikasogea mwaka hadi mwaka, karne hadi karne, mpaka ikatua katikati ya kipupwe. Hakuna mzee wa Makunduchi aliyepata kuilazimisha irudi Machi eti kwa kuwa ndiyo asili yake. Waliifanya iwe ya mahali pao: watu hupigana kwa migomba, hukichoma kibanda, huoga baharini, na mwaka ukaanza. Wajukuu wa watu hao ndio leo wanaopeleka machipuko ya Ulaya hadi Tukuyu na kuyapigia makofi.

Kwani huko juu hakuna kuchipua? Kupo, na ni kuchipua kwa ajabu kuliko kule kulikoazimwa, ndiyo maana uvivu huu hausameheki. Anayetaka kukuona na atoke Iringa mwezi wa Septemba, au wiki za mwanzo za Oktoba, ashuke kilima cha mji kuelekea Ruaha Mdogo, kisha ashike njia ya Kalenga, kijiji lilipohifadhiwa fuvu la Mkwawa tangu liliporudishwa mwaka 1954, na aendelee upande wa Idodi. Kwa miezi minne au mitano haijaanguka tone. Nyasi ni majivu. Mito midogo imebaki mchanga. Na hapo, katika ukavu huo huo, miyombo hutoa majani mapya, nayo hayatoki kijani. Hutoka mekundu. Mengine yana rangi ya shaba iliyosuguliwa, mengine ya divai, mengine ya waridi iliyofifia, hata mlima mzima ukionekana kwa mbali kama unaoungua bila moshi. Wataalamu wa mimea huieleza rangi hiyo kuwa ni kinga ya jani changa dhidi ya jua kali. Baada ya wiki chache jani hukomaa, likawa kijani kama majani mengine, na mgeni anayefika baada ya hapo hajui kilichopita.

Hapa ndipo tafsiri inapovunjika kabisa. Machipuko ya Ulaya huufuata ujoto na maji: barafu huondoka, udongo hulowa, ndipo mti huthubutu. Miyombo haingoji. Huchipua kwa maji iliyoyaweka katika mizizi na shina, wiki nyingi kabla ya wingu la kwanza, na mvua ikija huyakuta majani yakiwa tayari. Mkulima wa Iringa akiona mlima umekuwa mwekundu huanza kutafuta jembe. Hilo ni jambo lenye maana tele kwa mtunga shairi, na lipo wazi kando ya njia, bure. Lakini aliyekuja na neno lake kutoka kitabuni hufika Machi, akakuta kijani, akaandika kijani.

Kando ya njia hiyo hiyo yupo mninga. Msomaji wa Unguja au wa Mombasa anaujua mninga kwa kitanda, kwa kabati, pengine kwa mlango wa nyumba ya babu yake. Ua lake halijui. Mninga huchanua kabla ya kuota majani, maua ya manjano yenye kukaribia rangi ya embe bivu, yenye harufu, kwa muda mfupi wa wiki mbili au tatu, kisha hupukutika yote na kuifunika njia. Yupo pia mwambangoma, jina ambalo ni Kiswahili kitupu: mti ambao gogo lake huwambwa ngozi likawa ngoma. Wakati wa ukavu husimama bila jani hata moja, umebeba vichane vyekundu vinavyoelekea juu. Mshairi wa taarab aliyekulia katika sauti ya ngoma akaupita mti huo kwa baskeli bila kuuliza jina lake amepata hasara asiyoijua. Badala yake atauimba mjakaranda wa mjini, ule wa zambarau, ulioletwa kutoka Amerika ya Kusini ukapandwa kando ya barabara za wakoloni. Ni mti mzuri, hapana ubishi. Lakini ndio aliouona kutoka dirisha la hoteli.

Wahehe na Wabena, kwa upande wao, wanacho kichipukizi wanachokijua kwa ulimi. (Msomaji asiyetaka kusikia habari za pombe na aruke sentensi chache.) Mvua inapoanza, mianzi hutoa machipukizi mapya, huyo mwanzi mchanga hukatwa ncha, na utomvu wake hukingwa katika kipande cha mwanzi, asubuhi na jioni. Ndio ulanzi. Asubuhi ni mtamu kama togwa, jioni umekuwa jambo jingine. Ukiuliza katika vijiji vya Iringa na Njombe ni lini mimea inachipua, utajibiwa kwa habari ya ulanzi, na jibu hilo litakuwa sahihi kuliko la kamusi.

Mtetezi wa machipuko ana hoja moja nzito, na ni haki isikilizwe. Atasema: Kitulo je? Uwanda ule wa juu, wenye urefu wa mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, hujaa maua kati ya Desemba na Aprili. Aliyefika Machi hakuona uongo. Ni kweli. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba zipatazo 413, na husemwa kuwa ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea badala ya wanyama. Ina aina zaidi ya 40 za okidi zinazoota ardhini. Wenyeji waliokuwa wakiiita Bustani ya Mungu hawakungoja hifadhi. Lakini maua hayo ni maua ya mvua, siyo ya mvua kwisha. Hufunguka ndani ya ukungu na radi, na kila wiki ina kundi lake, hili likiingia na lile likitoka. Ni kujaa, si kuchipua. Kuyaita machipuko ni sawa na kuiita adhuhuri alfajiri kwa sababu zote mbili zina mwanga.

Tena tazama majina ambayo uwanda huo umewahi kuvikwa. Wakoloni waliuita Uwanda wa Elton, kwa jina la Frederic Elton, Mwingereza aliyekuwa naibu balozi mdogo hapo Unguja mnamo 1873, ambaye alizipita nyanda hizo na kufariki Ugogoni mwaka 1877. Baadaye wakaja wataalamu wakauita Serengeti ya Maua. Nia yao ilikuwa njema, lakini sifa hiyo ina kasoro: kana kwamba ua haliwezi kusifiwa mpaka lilinganishwe na nyumbu. Na sasa waje wa tatu, wenyeji wa lugha yenyewe, nao walete la Ulaya. Jina la Kitulo limekuwapo muda wote huo.

Pwani haina desturi hiyo katika mambo yake. Hakuna mshairi wa Lamu wala wa Mkunazini aandikaye "ua" akaridhika. Huandika asumini, kilua, mkadi, mlangilangi, rehani, na kila moja lina saa yake, nywele zake na siri yake; msikiaji akitajiwa kilua hajui tu harufu, anajua na aliyekitunga na aliyetungiwa. Utenzi wa Kiswahili umesimama juu ya kutaja. Kwa nini basi mshairi huyo huyo, akishavuka Kitonga, asahau adabu ya ufundi wake na kuanza kusema "maua mazuri"? Jibu la kweli halipendezi. Ni kwa sababu anadhani bara hakuna cha kutajwa, kuna cha kutazamwa tu. Huo ni ubwana wa zamani umevaa suruali ya baskeli.

Na gharama yake si ya mashairi peke yake. Okidi za Nyanda za Juu zina viazi vidogo chini ya ardhi. Viazi hivyo huchimbwa, hupelekwa Tunduma, huvuka mpaka kuingia Zambia, na huko hutwangwa, hupikwa pamoja na karanga, kikatoka chakula kiitwacho chikanda, ambacho hukatwa vipande kama mkate. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuwa viazi viliyovuka kwa mwaka mmoja vilikuwa vya kuhesabika kwa mamilioni. Mchimbaji hung'oa mmea mzima, naye hana lawama kubwa, kwani anatafuta ada ya shule. Lakini linganisha: mnunuzi wa Zambia ana jina la kitu hicho, anajua kipi kinanata vizuri na kipi hakifai, na analipa. Mwenye kukisifu katika ushairi wa Kiswahili hana hata jina. Kisicho na jina kikitoweka, nani atajua kipi kimekosekana? "Maua ya kila rangi" yataendelea kuwa ya kila rangi hata zikibaki aina tano.

Wageni katika jambo moja wamewashinda wenyeji, na lisemwe. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika milima ya Rungwe walisikia kutoka kwa wawindaji wa huko habari za nyani mmoja wa miti ya juu, mwenye haya, ambaye hakuwa katika kitabu chochote. Wakamfuatilia, wakamwona, na mwaka 2005 wakamtangaza kwa ulimwengu. Hawakumwita kwa jina la malkia wala la profesa. Walimwita kipunji, kama walivyosikia, na mwaka 2006 alipopewa jenasi yake peke yake, mlima nao ukatiwa ndani ya jina: Rungwecebus kipunji. Hivyo neno la mwindaji wa Rungwe limo katika maktaba za dunia nzima, na halimo katika shairi. Tusingoje maabara za ng'ambo zitufundishe kusikiliza, husema watetezi wa lugha majukwaani. Kumbe zimekwisha fundisha, na wanafunzi hawakuwapo.

Imebaki habari ya baskeli yenyewe. Wapo wasemao kwamba kuendesha baskeli kutazama maumbile ni starehe ya Wazungu, na kwamba mtu wa Nyanda za Juu anaijua baskeli kama punda: ya kubebea magunia ya mkaa, viazi vya Matamba, ndizi za Tukuyu, madumu ya maziwa, mbao. Sehemu ya pili ni kweli. Kabla ya pikipiki za Kichina kuenea mwishoni mwa miaka ya 2000, baskeli ndiyo iliyobeba nusu ya uchumi wa vijijini, na huko Kyela, kwenye uwanda wa chini, ndiyo iliyowafikisha wasafiri mpakani Kasumulu. Mpaka leo magunia matatu ya mkaa hushuka vilima juu ya Phoenix moja ya zamani, mwenyewe akifunga breki kwa soli ya kandambili. Lakini sehemu ya kwanza haifuati kutoka kwa ya pili. Nani amesema mwenye mzigo haoni? Mpandaji wa kukodi hupanda mlima kwa gia ishirini na moja, jasho machoni, akihesabu kilomita. Mwenye mkaa huupanda kwa miguu akiisukuma baskeli yake, hatua kwa hatua, akapumzika chini ya kila mti wenye kivuli; anajua upi una kivuli Oktoba na upi hauna, ni mti gani mkaa wake hudumu na upi hutoa cheche, na ni mlima gani uliokuwa na miyombo mwaka juzi ambao mwaka huu hauna. Yeye ndiye shahidi wa uharibifu na ndiye mharibifu, na anayajua yote mawili. Kumwondoa katika picha ili mandhari yapendeze, kama wafanyavyo wapiga picha wa vipeperushi, ni kumwondoa mtu pekee ambaye angeweza kujibu swali la jina.

Vivyo hivyo kwa misonobari. Toka Mafinga kwenda Makambako mpandaji hupita kando ya msitu wa Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali, safu baada ya safu. Ni mali, na imejenga nyumba nyingi. Lakini haina majira. Julai na Januari ni ile ile, na chini yake hakuoti kitu cha kutajwa. Mashairi ya machipuko huyasifu sana mahali hapa, kwa sababu hapa ndipo panapofanana na picha za Ulaya.

Basi la alfajiri kutoka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, huvuka Mikumi, hupita mibuyu ya bonde la Ruaha Mkuu, hupanda Kitonga taratibu nyuma ya malori, na hufika Iringa alasiri. Baskeli hulazwa katika buti kwa nauli ya mzigo, nayo ni ya kupatana. Anayetaka Kitulo aendelee hadi Chimala, apande kwa njia ya kona waziitazo Hamsini na Saba mpaka Matamba, na huko akodi mtoto wa shule wa likizo amwonyeshe njia. Mwishoni mwa Septemba mninga wa mwanzo unakuwa umeshafungua. Anunue daftari lenye jalada gumu, kwa sababu ya vumbi, na kalamu mbili.